Sarafu ya Stempu na Jivu la Bibi

Baba mkwe wangu alikuwa na sarafu isiyonunua kitu, ambayo wakati huohuo ilikuwa stempu isiyobandikwa kwenye barua. Nilipoolewa Kilwa Masoko na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza, nilidhani ni utani wa kumkaribisha bi harusi. Ilikuwa fedha tupu, imetengenezwa nchi za mbali, ina pembe nne, na kingo zake zimechongwa meno madogo madogo, sawasawa na stempu iliyochanwa kwenye karatasi yake. Upande mmoja kulikuwa na nembo na maandishi. Upande wa pili, juu ya fedha, kulikuwa na picha ya rangi ya buluu, nakala ya stempu adimu kuliko zote alizowahi kuzisikia. Picha yenyewe ilikuwa ya nini nitasema tukifika huko, maana huko ndiko iliko kesi.

Mzee alifanya kazi posta mpaka akastaafu. Alipanga barua, aligonga mihuri, na stempu zikamwingia damuni. Alikuwa akiwaomba watu bahasha tupu, anakata kona yenye stempu, anailoweka kwenye sahani ya maji, karatasi inaachia, anaianika juu ya gazeti, kisha anaiweka kwenye albamu yake yenye jalada jekundu. Stempu ile adimu hakuwahi kuota hata kuiona. Zimebaki chache mno duniani, na wenye nazo ni watu wanaofungia vitu chumba cha chuma. Basi alipostaafu, mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye mume wangu, akasikia kwamba kuna nchi zinatoa sarafu za fedha za kumbukumbu zenye sura ya stempu kama hizo. Akamwagizia moja kupitia rafiki yake aliyeko ng'ambo. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti, hajui stempu wala hajali, ila baba yake anamjua.

"Nilitaka apate kitu ambacho mchwa hawali," aliniambia.

Mzee alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi. Sarafu ilikaa ndani ya kikasha cha plastiki ngumu, kikasha ndani ya kisanduku cha mbao, na kisanduku juu ya kabati la sebuleni, karibu na redio. Kuigusa kwa vidole ilikuwa marufuku, kwa sababu alisema jasho la mtu linaila fedha. Kila asubuhi baada ya chai alifungua, akatazama, akafunga. Mgeni akija, hata aliyekuja kuulizia habari za maji ya bomba, alikalishwa na kupewa darsa: wino wake, karatasi yake, kisiwa ilikotoka, mafundi walivyokosea. Sisi wa nyumbani tulikuwa tumeshasikia mara nyingi. Akianza tu, mume wangu husema "Ee, baba," nami husema "Ee, baba," na kila mmoja anaendelea na shughuli yake.

Mambo yaliharibika nilipojifungua mtoto wa kike. Mama mkwe alikwishatangulia mbele ya haki kabla sijaolewa, kwa hiyo hakukuwa na mwanamke mzima wa kuniangalia arobaini yangu. Akaitwa Bibi, mama yake mama, aliyenilea Mtama kwenye mikorosho. Tulipompigia simu hakuuliza maswali. Yaliyofuata tuliyasikia akiwa tayari Nangurukuru, njia panda ya kuja kwetu, ameteremka basi la kutoka Lindi, anatafuna muhogo wa kukaanga.

"Mwambie mumeo asije kunipokea," alisema. "Sijazeeka kiasi hicho."

Alishuka mbele ya nyumba na kuku kwapani, korosho, makopa ya muhogo, na kanga zake zimefungwa furushi. Kabla hajanywa maji alishamtazama mtoto, akamsalimu, "Mke mwenza, umekuja kuninyang'anya wanaume?" kisha akanitazama mimi, akasema nimekonda na nyumba ina vumbi. Kuanzia hapo alitawala. Maji ya moto niliyaoga mpaka nikadhani nachunwa ngozi. Uji wa pilipili manga niliunywa mpaka nikaota ninaunywa. Kubisha ni bure, maana Bibi akishaamua jambo huwa ameshalianza.

Hapa lazima nieleze habari ya ukwe, asije mtu akasema mbona watu wazima hawakuambiana maneno mawili mambo yakaisha. Kwetu mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Baba mkwe na Bibi walikuwa wakwe, na wote wawili ni watu wa adabu za zamani. Walisalimiana kwa mbali, yeye ametazama chini, Bibi ametazama mlango. "Shikamoo, mkwe." "Marahaba, mkwe." Imekwisha. Yeye alikula kwenye baraza la nyuma, Bibi alikula uani, na lile darsa la sarafu Bibi hakuwahi kupewa. Bibi akipita ukumbini, mzee anajibana ukutani apishe njia pana ya kupita gari. Lakini nyumba moja haiendi bila maneno, kwa hiyo wakaanza kumtumia mtoto. Mjukuu wa kike kwa babu yake ni mke, huo ndio utani wetu, na kwa Bibi naye akawa mke mwenza. Basi utasikia kutoka barazani: "Mke wangu, waambie jikoni mchuzi wa leo umetulia." Na kutoka uani: "Mke mwenza, mwambie mumeo kuni za jana mbichi." Mtoto mwenyewe amelala, maziwa mdomoni, hana habari kwamba ameajiriwa.

Siku ya kumtoa mtoto nje ilipokaribia, Bibi alitoa kwenye furushi lake vikuku vidogo vya fedha. Nilivivaa mimi nikiwa mchanga, alivivaa mama yangu, na sasa ilikuwa zamu ya binti yangu. Vilikuwa vyeusi kwa kukaa kwenye kopo. Bibi akakaa uani na jivu la jikoni, ndimu zilizokatwa na kumbi la nazi, akaanza kusugua. Ndivyo wanawake wa kwetu wanavyosafisha fedha tangu enzi za bibi wa bibi zao, na hakuna harusi wala arobaini inayofanyika fedha ya nyumba ikiwa chafu. Kwa Bibi, fedha ina hali mbili tu: ama nyeupe, ama imetelekezwa.

Mimi nilikuwa ndani nanyonyesha. Mume wangu alikuwa bandarini, mzee ameenda kuswali adhuhuri. Bibi aliingia sebuleni kupangusa vumbi, akafungua kile kisanduku, akaona fedha nzuri, nzito, imeingiwa na buluu upande mzima. Baadaye aliniambia kwamba machozi yalimlengalenga. Alijisemea: maskini mkwe wangu, mgane, hana hata wa kumsafishia kitu chake cha fahari. Kile kikasha cha plastiki, ambacho mume wangu alishindwa kukifungua bila bisibisi, Bibi alikitenganisha kwa kucha za vidole gumba. Mtu aliyebangua korosho maisha yake yote hashindwi na ganda lolote.

Nilisikia mlango wa mbele, nikasikia mzee akiingia, kisha sikusikia kitu kingine. Kimya kile kilinitoa chumbani na mtoto begani. Sarafu ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, katikati ya kabati, inang'aa mpaka inaumiza macho. Meno yake ya pembeni yote yalikuwepo. Katikati hakukuwa na kitu. Ilikuwa nyeupe tupu, na mikwaruzo myembamba ya duara kama sufuria iliyosuguliwa na mtu mwenye juhudi.

Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, kumbi mkononi, na lile kumbi lilikuwa la buluu.

"Mke mwenza," alimwambia mtoto, sauti imejaa furaha, "mwambie mumeo ilikuwa na kutu ya buluu, ngumu hiyo! Nimeisugua mpaka bega linaniuma, lakini imetoka yote. Mwambie asinishukuru. Mkwe ni mkwe."

Mzee alifungua mdomo. Nilimwomba Mungu moyoni amshike, asilitamke lile neno ambalo ningelitamka mimi kama ningekuwa yeye. Hatimaye akasema polepole, macho yako sakafuni:

"Mke wangu, mwambie mkwe imependeza. Imependeza sana. Haijawahi kung'aa hivi."

Halafu akaingia chumbani kwake, na alasiri aliswali humohumo.

Mume wangu aliporudi nikamnong'oneza, naye akakaa chini bila kuvua viatu. Tuliingia kwa mzee tukafunga mlango. Mume wangu akasema ataagiza nyingine. Mzee akatikisa kichwa, akasema zilitengenezwa chache na zilikwisha mwaka uleule. Mume wangu, katika kutafuta la kusema, akasema, "Lakini baba, si wewe ndiye unayesema stempu zenye makosa ndizo zenye thamani kuliko nyingine? Basi na hii sasa ni kosa."

"Kosa la kiwandani ni kosa," alisema mzee. "Hili ni jivu."

Kisha akatupa amri. Bibi asiambiwe. Si leo, si kesho. "Yule mama akijua alichofanya," alisema, "kesho alfajiri yuko Nangurukuru na furushi lake, na hapa hakanyagi tena. Mtoto huyu akose bibi kwa ajili ya rangi? Hapana."

Nilimpenda yule mzee siku ile kuliko siku zote, na alikuwa amesema kweli tupu bila hata kumjua Bibi vizuri. Bibi ni mtu wa haya kupita kiasi. Aliwahi kuondoka nyumbani kwa dada yake kwa sababu ya chungu kilichomvunjikia mikononi. Dada mtu alimsihi, akasema chungu kitu gani, lakini Bibi hakurudi mle ndani mpaka msiba ulipowakutanisha. Sasa kama chungu cha mboga kilikuwa hivyo, je, hii fedha ya mkwe? Nilimhitaji. Nilikuwa mama mpya, siku nyingine nalia bila sababu, na mikono yake ndiyo iliyokuwa ikinituliza. Kwa hiyo tukanyamaza, nyumba nzima.

Lakini sifa nazo zina hasara yake. Mtu ukimsifu kwa kazi, atakutafutia nyingine. Kila asubuhi mzee alilazimika kufungua kisanduku mbele ya Bibi na kusema "Mashaallah," na kila asubuhi Bibi alizidi kuchanua. Wageni wakija sasa ni yeye aliyewaonyesha: "Tazameni fedha ya mkwe wangu. Mngeiona ilivyokuwa!" Mzee anaitikia kwa kichwa, uso kama aliyeng'atwa na siafu ndani ya kanzu mbele ya watu. Darsa la wino na karatasi lilikoma. Hakusema tena habari ya stempu kwa mtu yeyote, na nikagundua kwamba nyumba imepoa bila ile sauti niliyokuwa siisikilizi.

Halafu Bibi akaiona albamu.

"Mke mwenza," alisema mchana mmoja, akimsogeza mtoto upande wa baraza, "mwambie mumeo nimevifungua vile vikaratasi vyake. Vizuri, lakini vimejaa madoa meusi. Kila kimoja kina doa la duara! Nitayatoa yote kabla ya siku ya shughuli. Ndimu ninazo."

Yale madoa ilikuwa ni mihuri ya posta. Mingine aliigonga mzee mwenyewe, kwa mkono wake, ujanani.

"Mke wangu," alijibu kwa haraka ambayo sijawahi kuisikia kwake, "mwambie mkwe asijisumbue. Nakuomba, mwambie asijisumbue kabisa."

Bibi akatabasamu. "Heshima hiyo! Mwambie mimi kusumbuka kwa ajili ya mkwe si kusumbuka."

Kuanzia hapo mzee hakuachana na albamu. Alikwenda nayo msikitini, kwapani, na watu njiani wakadhani ni msahafu wakampisha kwa heshima. Alikwenda nayo bafuni. Alilala nayo chini ya mto. Mkwe akikutolea huduma huwezi kumkatalia waziwazi, hiyo ni sawa na kumfukuza, na kila alipokataa kwa adabu Bibi aliona ni adabu tu na akaongeza ndimu. Sote tulijua nini kitatokea. Kesho yake mzee angekwenda kununua mbuzi wa shughuli, na mtu hanunui mbuzi na albamu kwapani, wala kuifungia mkwe asiiguse si adabu. Angeiacha nyumbani na kurudi akaikuta imeoshwa, au angevunja adabu na kumwambia Bibi ukweli, na Bibi angefunga furushi. Stempu zake zote, au bibi yangu. Ndivyo ilivyokuwa imefika.

Mimi subira sikujaliwa. Nilifikiri, nikasema, kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kumwambia Bibi jambo lolote na Bibi asiwe na haki ya kukasirika. Nikaenda kwenye ua wa makuti, nikamwita jirani.

Jirani yetu ni mama wa Kimatumbi, Mkatoliki wa huko milimani Kipatimu, anayekaanga maandazi mbele ya nyumba yake. Sisi Wamwera na Wamatumbi ni watani. Mtani anakutukana msibani, anakupora kanga harusini, anasema mbele za watu jambo ambalo ndugu yako wa damu hawezi kulinong'ona, nawe unacheka, maana ukikasirika ndiyo umejiaibisha. Tangu Bibi aje, wale wawili walikuwa wakirushiana maneno juu ya ua kila asubuhi, na nadhani ndiyo sehemu ya siku ambayo Bibi aliipenda kuliko zote. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, akafunika karai lake, akajipangusa mikono.

"Niachie mimi," alisema.

Aliingia uani saa ya alasiri. Bibi alikuwa anakamua ndimu kwenye bakuli. Mume wangu anapasua kuni, mzee barazani na albamu mapajani, mimi kwenye mkeka na mtoto.

"Hodi kwa Wamwera! Msinijibu, nimeshaingia. Yuko wapi bibi wa Mtama anayesugua mpaka mali za watu?"

"Karibu, Mmatumbi," Bibi alijibu bila kuinua kichwa. "Umekula? Maana ukiwa na njaa hukawii kubweka."

"Nimekula, lakini sijashiba kama wewe, uliyekula stempu ya mkweo."

Bibi akacheka. "Stempu gani?"

"Ile ya buluu kwenye fedha! Nyie Wamwera mkiona rangi mnadhani kutu. Wewe ukiuona upinde wa mvua utaomba ngazi na ndimu! Ile haikuwa kutu, mama. Ile ndiyo stempu yenyewe. Umeifuta yote, na mkweo huyu tangu siku ile anakusifia huku roho inamtoka, kwa vile anakuheshimu. Na sasa unakamua ndimu umalizie na albamu! Kanga hii naishika. Siiachii mpaka utoe kuku."

Na kweli aliivuta kanga begani kwa Bibi. Bibi alicheka, akapiga goti kwa kiganja, akacheka tena, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alinigeukia.

"Mjukuu wangu. Huyu anatania?"

"Hatanii, Bibi."

Shoka la mume wangu lilikuwa limekaa kwenye gogo. Mzee barazani alikuwa anaangalia miguu yake kama aliyeibiwa viatu. Bibi aliweka bakuli chini, akajipangusa mikono kwa upindo wa gauni, kidole kimoja kimoja. Uso ule niliujua. Ulikuwa uso wa chungu cha dada yake, na nilimbana mtoto kifuani nikisubiri aombe furushi lake.

Badala yake akauliza, "Ilikuwa na picha ya nini?"

Aliuliza ua mzima, hakumchagua mtu.

"Meli," alisema mume wangu. "Meli ya matanga."

"Meli wapi!" nikasema. "Kichwa cha mwanamke. Amejitanda ushungi."

"Nyie wote vipofu," alisema mtani, ambaye alishapewa darsa lile mara kadhaa alipoleta maandazi. "Lile lilikuwa ua. Ua lenye majani makubwa."

"Ua? Mimi ndiye niliyeinunua!"

"Uliinunua, uliitazama?" nikamuuliza.

"Wewe unayeishi nayo umeitazama?"

Tulibishana kwa sauti, kila mmoja ana uhakika, tunachorana hewani kwa vidole, na sijui tungefika wapi kama nisingegeuka nikamwona mzee. Alikuwa ametuinulia macho. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akamtazama jirani. Hasira haikuwepo, ningefurahi kama ingekuwepo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Siku zile zote tulikuwa tunamlilia picha yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua tunalilia nini.

Bibi akanichukulia mtoto mikononi. Akajisogeza mpaka mwisho wa mkeka upande wa baraza, akamgeuza mtoto uso kwa babu yake.

"Mke mwenza," alisema, "mwambie mumeo aliyeifuta ni mimi. Kwa hiyo wa kuambiwa ni mimi. Ilikuwa nini?"

Mzee akasafisha koo.

"Mke wangu, mwambie ilikuwa ndege. Ndege amebeba barua mdomoni." Kisha maneno yakaanza kumtoka. "Mafundi walipokuwa wanachapa, bamba la ndege liliwekwa kinyume. Ndege akatoka kichwa chini, mgongo umeelekea ardhini, miguu juu. Huyu anasema tanga, lile lilikuwa bawa. Na huyu ushungi wake ni mkia. Wakubwa walipogundua wakaamuru zichomwe zote, lakini chache zilikuwa zimeshauzwa, zimeshakwenda na barua za watu. Hizo ndizo zilizobaki."

Bibi alifikiri. Alifikiri kwa dhati, paji la uso limekunjamana, na kichwa chake kikainama upande kama anayejaribu kumwona.

"Ameruka kichwa chini?"

"Ndiyo."

"Na barua iko mdomoni?"

"Iko mdomoni."

"Haikumdondoka?"

Mzee alimkodolea macho. Halafu akacheka. Kicheko kilianza kidogo puani, kikashuka tumboni, mpaka albamu ikaruka mapajani na akaikumbatia isianguke. Alicheka mpaka akatoa leso.

"Haikudondoka, mkwe," alisema. "Wamempindua, wamemchapa, wamemhukumu kuchomwa moto, na barua kaishika vilevile!"

Alimwambia yeye. Alimwambia moja kwa moja, juu ya kichwa cha mtoto, anamtazama machoni, na mtani akanifinya mkono nione. Mzee mwenyewe hakutambua.

"Nimewaeleza watu wino," aliendelea, "nimewaeleza karatasi, nimewaeleza kisiwa. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya barua ya yule ndege."

"Nisamehe, mkwe," alisema Bibi. Naye alimtazama. "Nilidhani nakusafishia."

"Najua, mkwe. Nilijua tangu siku ileile."

Aliipapasa albamu yake. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Alishuka barazani, akavua kandambili, akakaa kwenye ncha ya mkeka uleule alipokaa mkwe wake, mtoto yuko katikati yao, akafungua ukurasa wa kwanza. Mume wangu akaliacha shoka akaja. Mimi nilikuwa nimeshasogea. Mtani naye akachuchumaa nyuma yetu, kanga ya Bibi ingali begani kwake, habari ya kuku ameisahau.

Bibi alinirudishia mtoto. Alitazama viganja vyake, bado vina maji ya ndimu, akavipangusa tena kwenye gauni, kisha akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja yake na kuikalia.

"Haya," alisema. "Nionyeshe."